Kadi Moja Kuingia, Hiyohiyo Kutoka: Kulipa Nauli ya Treni London kwa Kugusa

Saa ya stesheni ya Ilford inaonyesha 06:28, yaani saa kumi na mbili na dakika ishirini na nane asubuhi kwa hesabu yetu. Nikigusisha kadi sasa hivi, nakatwa nauli ya nafuu. Nikisimama dakika tatu kununua chai, nakatwa nauli ya saa za msongamano, kwa treni ileile na kiti kilekile. Mashine haiangalii treni yangu inaondoka saa ngapi wala nafika mjini saa ngapi. Inaangalia dakika niliyogusa.

Nimeona ndugu wengi waliofika London karibuni, na hata waliokaa miaka, wakikatwa pesa ambazo hawakupaswa kukatwa. Si kwa uzembe. Hakuna aliyekaa nao akawaeleza. Kulipa kwa kugusa kulianza kwenye mabasi ya London Desemba 2012, kukaingia kwenye treni Septemba 2014, na leo watu wanagusa bila kufikiri. Hapo ndipo hasara inapoingilia.

Shika jambo hili moja kwanza, kwa sababu mengine yote yanatoka humo: kompyuta ya TfL, mamlaka ya usafiri ya London, haikujui wewe. Haijui jina lako, sura yako wala akaunti yako ina nini. Inajua namba ya kile kilichogusa. Namba hiyo ikiingia mahali na ikatoka mahali, safari imekamilika na nauli inahesabiwa. Ikiingia isitoke, kompyuta haiwezi kujua ulishukia wapi, kwa hiyo inakutoza nauli ya juu.

Nyumbani: chagua chombo kimoja

Itazame kadi yako ya benki. Ikiwa ina alama ya mawimbi manne madogo yaliyolala ubavu, ni kadi ya kugusa. Visa, Mastercard na American Express zinakubaliwa. Mradi akaunti ina pesa, huhitaji kununua kitu kingine wala kujiandikisha popote ili uanze.

Kisha amua: utatumia kadi yenyewe, au simu, au saa ya mkononi? Chagua kimoja, na vingine uvisahau kabisa kwa upande wa treni. Watu wengi huteleza hapa kwa sababu wanaona pesa zinatoka akaunti ileile. Ni kweli, lakini unapoiweka kadi kwenye Apple Pay au Google Pay, simu inapewa namba yake yenyewe, tofauti na ile iliyochapwa kwenye kadi. Kadi ni msafiri mmoja, simu ni msafiri wa pili, saa ya mkononi msafiri wa tatu.

Nilijifunza hili kwa gharama. Asubuhi moja niliingia kwa simu, na chaji ikaisha nikiwa njiani. Nilipofika nikatoa kadi ya plastiki, mlango ukafunguka vizuri tu, nikaenda zangu kazini nikiamini mambo yako sawa. Kumbe nilikuwa nimeacha safari mbili nusunusu: simu iliyoingia bila kutoka, na kadi iliyotoka bila kuingia. Kila moja ikatozwa nauli ya juu. Mlango kufunguka hakumaanishi hesabu imekaa sawa.

Kwa hiyo kama simu yako inakaa na chaji, tumia simu. Kama kufikia jioni huwa imebaki asilimia tatu, tumia kadi. Wenye iPhone za kuanzia XS wana afueni kidogo: simu ikishazimika kwa kukosa chaji, bado inaweza kugusa kwa muda wa hadi saa tano, ilimradi umeshaiandaa. Maandalizi yenyewe ni haya: fungua mipangilio ya simu, ingia Wallet & Apple Pay, tafuta Express Travel Card, kisha chagua kadi unayotaka ilipe nauli. Kuanzia hapo hutahitaji kuonyesha uso wala kuandika namba ya siri pale getini. Unaisogeza simu kwenye mashine na kupita, na watu walio nyuma yako hawapigi kelele za ulimi.

Kwa simu za Android, washa NFC, yaani kile kinachoiwezesha simu kulipa kwa kugusa, iweke kadi kwenye Google Pay, na hakikisha ndiyo iliyowekwa kuwa kadi ya kwanza ya malipo. Mara nyingi inatosha kuwasha kioo tu. Ila ikizima kabisa, imezima.

Watu wawili hawawezi kusafiri kwa kadi moja kwa wakati mmoja. Mume na mke wakiwa safarini pamoja, kila mmoja awe na chake. Mmoja atumie kadi na mwenzake simu yenye kadi ileile, inakubalika, kwa sababu namba ni mbili.

Getini

Mashine ya njano ya duara iko upande wako wa kulia unapolikabili geti. Bandika kadi juu yake, itulize kidogo, usiipitishe kama unayepangusa vumbi. Taa ya kijani na mlio mmoja: umekubaliwa. Taa nyekundu: umekataliwa, na kioo kidogo kitaonyesha namba ya kosa. Mwonyeshe mfanyakazi wa stesheni namba hiyo. Usijaribu na kadi nyingine kwa haraka, maana utakuwa umeanza safari mpya kwa namba nyingine.

Toa kadi kwenye pochi. Najua inachosha, lakini pochi yenye kadi tatu ikibandikwa kwenye mashine, mashine inachukua itakayoiwahi. Asubuhi ikawahi ya benki moja, jioni ikawahi ya benki nyingine, na hapo tumerudi kwenye safari nusunusu. Ninaweka kadi ya nauli peke yake kwenye kifuko cha nyuma ya simu, na kwa kuwa nimeamua kulipa kwa kadi, Express Travel Card nimeizima ili simu isije ikajibu kwa niaba ya kadi.

Wakati mwingine utakuta mageti yako wazi, labda mashine zinatengenezwa au kuna umati mkubwa. Gusa hata hivyo. Na uwe mwangalifu zaidi kwenye DLR, zile treni ndogo zisizo na dereva za mashariki mwa London. Stesheni zake nyingi hazina geti hata moja. Kuna nguzo tu yenye mashine, karibu na ngazi au pembeni ya jukwaa, na hakuna atakayekuzuia ukiipita. Mtu anatoka kazini amechoka, mawazo yako kwenye chakula cha watoto, anaipita ile nguzo kama anavyopita nguzo ya taa. Kesho yake anakuta amekatwa nauli ya juu. Jizoeze kuitafuta nguzo kwa macho kabla mlango wa treni haujafunguka.

Kusahau kugusa unapoingia ni hatari zaidi. Mkaguzi akipita na kifaa chake, ataigusa kadi yako na itajulikana kwamba haina safari iliyoanza. Faini ya TfL ni pauni 100, na inapungua kuwa 50 ukilipa ndani ya siku 21. Kumweleza kwamba pesa zimo kwenye akaunti hakukusaidii.

Kuna mashine nyingine za rangi ya waridi, na hizi zinafungua mlango wa kuokoa pesa kwa mtu ambaye safari yake haipiti katikati ya mji. London imegawanywa kwa kanda, na Kanda ya 1, katikati, ndiyo inayopandisha nauli. Chukua mtu anayekaa Walthamstow na kufanya kazi Kew. Anaweza kupita katikati kwa kwenda na laini ya Victoria hadi stesheni ya Victoria kisha laini ya District. Anaweza pia kushuka Highbury & Islington, akachukua treni ya juu ya ardhi (Overground) ya laini ya Mildmay inayozunguka kwa juu hadi Kew Gardens, bila kuingia Kanda ya 1. Anapobadilisha treni pale Highbury & Islington, aguse mashine ya waridi. Haikati pesa. Inaiambia kompyuta kwamba mtu huyu amezunguka, asihesabiwe Kanda ya 1. Mashine hizi ziko pia Stratford, Canada Water, Gospel Oak, Willesden Junction, Clapham Junction na stesheni nyingine za kubadilishia. Zinagusw­a katikati ya safari tu. Kuingia na kutoka ni kwenye njano.

Kwenye basi ni kinyume cha treni: unagusa mara moja ukipanda, hugusi ukishuka. Ukishalipa basi la kwanza, ndani ya saa moja tangu ulipogusa unapanda mabasi mengine bure, hata kama katikati ulipanda treni. Lakini kwa kadi ileile.

Saa, siku na wiki

Saa za msongamano ni Jumatatu hadi Ijumaa, saa 12:30 hadi saa 3:30 asubuhi, na saa 10:00 jioni hadi saa 1:00 usiku. Sikukuu za umma hazihesabiwi. Nje ya hapo ni nafuu, na Jumamosi na Jumapili ni nafuu kutwa nzima.

Sasa sikilizeni wale wa zamu za usiku, maana wengi wetu tuko kwenye hospitali, ulinzi, usafi na nyumba za wazee, na hakuna bango linaloelekezwa kwetu. Msongamano wa jioni hauwahusu watu wanaoingia Kanda ya 1 kutoka kanda za nje. Ukigusa Ilford saa 12:15 jioni ukielekea zamu Farringdon, unalipa nauli ya nafuu ingawa saa inasema msongamano, kwa sababu unakwenda kinyume na umati. Asubuhi ni tofauti. Msongamano wa asubuhi unawashika wote, anayeingia mjini na anayetoka. Zamu ikiisha saa 12:00 na ukawahi kugusa kabla ya 12:30, unalipa nafuu. Ukikawia kwa kukabidhi zamu au kupiga soga mlangoni, umelipa nauli ya msongamano kurudi kulala.

Siku ya TfL pia haianzi usiku wa manane. Inaanza saa 10:30 alfajiri na kuisha saa 10:29 alfajiri inayofuata. Ni muhimu kwa sababu ya kikomo cha siku: ukishasafiri hadi kufikia kiasi fulani, kulingana na kanda ulizopita, safari zinazobaki siku hiyo hazikatwi tena. Anayetoka kazini saa nane usiku bado yuko ndani ya siku ya jana, na safari yake inaingia kwenye kikomo cha jana. Anayetoka saa kumi na mbili asubuhi ameshaanza siku mpya.

Juu ya kikomo cha siku kuna cha wiki, kinachohesabiwa Jumatatu hadi Jumapili, hakuna namna nyingine. Huhitaji kukiomba. Kompyuta inajumlisha yenyewe na kuacha kukata ukifika. Ila inajumlisha kwa namba. Jumatatu hadi Jumatano kwa kadi na Alhamisi hadi Jumamosi kwa simu, umejikuta na wiki mbili fupi, na huenda hakuna hata moja iliyofika kikomo.

Nauli ya safari yako mahsusi itafute kwenye tovuti ya TfL, penye ukurasa wa nauli ya safari moja. Unaandika unakotoka na unakokwenda, inakupa za msongamano na za nafuu, na njia mbadala kama ipo. Fanya hivyo hasa kama unapanda treni za kampuni nyingine, si za TfL, au unachanganya hizo na za chini kwa chini, kwa sababu bei zake mara nyingi hutofautiana.

Wasiofaa kulipa kwa kadi ya benki

Kadi ya benki hulipa nauli ya mtu mzima siku zote. Mwenye Railcard, kadi ya punguzo la nauli za treni, iwe ya vijana, ya wazee au ya ulemavu, atalikosa punguzo lake ya theluthi moja kwenye nauli za nafuu. Achukue kadi ya Oyster, ile ya TfL yenyewe unayoiwekea pesa, aende kwa mfanyakazi wa stesheni ya chini kwa chini, aombe Railcard iunganishwe nayo. Watoto wa miaka 11 hadi 15 wanahitaji Zip Oyster yenye picha. Usimpe mtoto kadi yako ya akiba.

Anayeingia mjini siku tano kila wiki mwaka mzima apige hesabu ya Travelcard ya mwaka, yaani tiketi ya kulipia safari za mwaka mzima kwa pamoja, ambayo bei yake ni sawa na ya wiki 40. Hiyo huwekwa kwenye Oyster, haiwekwi kwenye kadi ya benki. Kwa anayekwenda ofisini siku mbili au tatu na nyingine anafanyia nyumbani, sioni cha kuipiku kadi ya kugusa.

Angalia pia mpaka. Kwa upande wa magharibi, kwenye laini ya Elizabeth, Oyster inaishia West Drayton, ila kwenda Heathrow inakubaliwa. Kadi ya benki inaendelea Slough, Maidenhead, hadi Reading. Mtu anayekwenda kumtembelea nduguye Slough kwa Oyster atakwama kwenye geti la kutokea.

Kufuatilia pesa zako

Fungua akaunti kwenye tovuti ya TfL na uisajili kadi. Si lazima, lakini bila kusajili unaona safari za siku saba tu. Ukisajili unaona za miezi 12, na hapo ndipo unapogundua makosa. Mimi huangalia Jumapili usiku, dakika mbili zinatosha. Natafuta safari yoyote iliyoandikwa kwamba haijakamilika.

Ukiikuta, usinung'unike ukaiacha. Una wiki nane za kuidai. Unaifungua safari hiyo, unataja stesheni uliyoshukia au uliyopandia, unachagua sababu, unatuma. Tofauti inarudishwa kwenye kadi. Niliwahi kumsaidia jirani yangu kurudi nyuma wiki moja baada ya nyingine, naye muda wote alidhani makato yale ndiyo nauli ya kawaida ya London. Kila siku alikuwa anaipita nguzo ya DLR bila kuigusa.

Benki itakuonyesha pesa za siku nzima zikiwa zimejumlishwa pamoja, si safari kwa safari. Kwa sisi tuliozoea M-Pesa, ambako ujumbe unaingia papo hapo na salio jipya, jambo hili linatia wasiwasi. Hapa mashine inakuruhusu kupita kwanza, hesabu inapigwa usiku. Siku ya kwanza unaweza kuona senti kumi tu za pauni. Huko ni kuijaribu kadi.

Kwa sababu hiyohiyo, acha kitu kwenye akaunti. Benki ikikataa kulipa, kadi inazuiwa na geti halitafunguka kesho yake mpaka deni lilipwe. Unaweza kulilipa kupitia akaunti yako ya TfL.

Treni zikichelewa nazo una haki. Dakika 15 au zaidi kwa chini kwa chini na DLR, dakika 30 au zaidi kwa Overground na laini ya Elizabeth, na sababu ikiwa iko ndani ya uwezo wao, unadai nauli yako ndani ya siku 28.

Mgeni kutoka nyumbani

Mama au shangazi akija kukutembelea na kadi ya benki ya Dar es Salaam au Nairobi, yenye Visa au Mastercard na alama ya mawimbi, mara nyingi itafanya kazi getini. Mwambie aulize benki yake kabla ya kupanda ndege mambo mawili: kama kadi imefunguliwa kutumika nje ya nchi, na makato ya kubadilisha fedha ni kiasi gani. Kama makato ni makubwa, au kama ni mtu mzima asiyependa kutoa kadi yake ya benki mbele ya watu, mnunulie Oyster umwekee pesa. Siku ya kwanza mtangulize yeye getini, wewe ubaki nyuma yake. Ukitangulia wewe, geti litajifunga katikati yenu.

Kadi mpya

Kadi ya benki ina tarehe ya mwisho, na benki hutuma mpya kwa posta kabla ya ya zamani kufa. Kwenye treni, kadi mpya ni msafiri mpya: haina historia, haina kikomo kilichoanza kujazwa. Ikifika Jumatano na ya zamani bado inafanya kazi, iache kwenye bahasha. Jumapili usiku iongeze kwenye akaunti yako ya TfL, iweke kwenye kifuko cha simu, na uanze nayo Jumatatu alfajiri. Ya zamani ikate vipande, lakini usiiondoe kwenye akaunti mpaka madai uliyofungua juu yake yawe yamelipwa.